Pumzi Ishirini kwa Dakika

2 Aprili 1989

Shemeji yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka nyumbani kwetu. Bado nasema "kwetu" kwa mazoea. Mimi na binti yetu hatujambo. Mafua yamemwacha juzi na hamu ya kula imerudi, anakula chake na changu. Anauliza mama mdogo atakuja lini. Nimemwambia umehamia hospitali ya mbali na kazi ni nyingi. Sikumwambia kwamba uliondoka bila kuaga, kwa sababu huenda uliaga na mimi sikusikia. Siku zile nilikuwa sisikii vizuri.

Dukani mambo ni yaleyale. Wateja bado wananiita Fundi Kesho, na bado nastahili. Kiti cha dada yako kiko palepale nyuma ya kabati la vioo. Kuna mama mmoja alikuja kuchukua saa ya mumewe akataka kukikalia, nikamwambia mguu umevunjika. Haujavunjika.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Nimepata barua ya baraza la wauguzi. Yule sista aliyepokea zamu yako siku ile, mwenye miwani minene ambaye binti yetu alimpa jina la Miwani, amesimamishwa kazi. Tarehe 12 Julai watamsikiliza, na huenda wakamnyang'anya leseni. Wananiuliza kama nina la kusema.

Ninalo. Saa kumi alasiri nilimwendea pale mezani nikamwambia, "Sista, mke wangu anahema kwa kasi." Hakuinuka. Alifungua faili akasema, "Mzee, hapa ni ishirini kwa dakika tangu asubuhi. Huo ni woga tu. Mpe maji, mwambie atulie." Nikampa maji. Nikamwambia atulie. Akajitahidi kutulia ili kunifurahisha mimi, wewe unamjua. Saa moja na nusu jioni alikuwa hayupo. Daktari alinieleza baadaye kwamba damu iliganda kwenye mguu uliopasuliwa ikapanda mapafuni, na kwamba ishara ya kwanza ni pumzi. Wangemwita mapema, alisema, pengine. Hilo neno "pengine" ndilo ninaloamka nalo.

Nataka yule sista ajibu. Nakuomba kitu kimoja tu. Saa nane mchana, kabla hujakabidhi zamu, ulimwona dada yako yuko vipi? Ukiniambia alikuwa salama, nitajua yote yalitokea mikononi mwa Miwani, na nitakwenda mbele ya baraza bila wasiwasi.

Ni mimi shemeji yako.


9 Mei 1989

Shemeji,

Nimepata barua yako, nisamehe kwa kuchelewa. Huku mvua haikatiki na posta inafunguliwa wanapojisikia. Nimepewa chumba nyuma ya hospitali, kina dirisha moja na jirani mmoja anayekoroma kama mashine ya kusaga. Nimewekwa wodi ya watoto. Watoto hawana adabu lakini wanapona haraka, ukigeuka kidogo aliyekuwa hoi jana anakurushia kijiko.

Mbusu binti kwa niaba yangu. Mwambie nimemshonea sweta, bado mikono.

Kuhusu ulichouliza, yote yaliyopimwa siku ile yameandikwa kwenye faili. Una haki ya kuomba nakala, wewe ndiye mume. Mimi siruhusiwi kuzungumzia mgonjwa nje ya baraza, hata kama ni ndugu. Utanielewa.

Jitunze, ule vizuri. Najua ukiwa peke yako unakunywa chai tu na kuiita chakula.

Mdogo wa mkeo.


21 Mei 1989

Shemeji yangu,

Asante kwa barua. Ni kweli nilikuwa nakunywa chai nilipoisoma. Binti anasema rangi ya sweta iwe yoyote isipokuwa kahawia.

Nilifanya ulivyosema. Niliomba nakala, nikazungushwa dirisha hadi dirisha siku nne, nikaipata. Nimeisoma dukani kwa lenzi yangu ya jichoni, si kwamba maandishi ni madogo, ila ndivyo ninavyojua kutazama kitu.

Saa mbili asubuhi, pumzi ishirini. Saa nne, ishirini. Saa sita, ishirini. Saa nane, ishirini. Mbele ya kila moja kuna sahihi yako.

Shemeji, mimi niliishia darasa la nane, na kazi yako siijui. Lakini nimetazama vitu vinavyokwenda kwa miaka thelathini na moja. Saa nzuri kabisa, ukiiacha mezani usiku na mchana, inapoteza kidogo au inazidi kidogo. Inayokupa jibu lilelile kila ukiitazama huwa imesimama. Na dada yako akiwa kitandani siku ya tatu baada ya kupasuliwa mguu, akichana nywele, akicheka, akilala, akiamka, pumzi zake zitatoka wapi sawasawa hivyo?

Kuna jambo jingine. Miwani alikuja dukani Jumatatu. Sikumjua kwanza kwa kuwa alivaa nguo za nyumbani. Alisimama mlangoni na mkoba ameushika kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye Fundi Kesho?"

"Ndiye."

"Sikuja kukuomba unihurumie."

"Huruma yenyewe sina," nikamwambia. Nasikitika kwamba nilisema hivyo.

Akasema, "Uliniambia anahema kwa kasi, nami nikatazama karatasi badala ya kumtazama yeye. Hilo ni langu, nitalibeba. Lakini wanasema nilipokea mgonjwa mzima. Eti saa nane alikuwa ishirini, na saa kumi na moja nilipomwendea, midomo ilikuwa imebadilika na anahema arobaini. Nimefanya kazi hii miaka kumi na saba, mzee. Najua inaweza kutokea ghafla. Wewe ulikuwa umekaa pale mchana kutwa. Saa nane ilikuwa ishirini?"

Nikamjibu, "Sijui."

Akatazama saa zote ukutani, moja moja. Akasema, "Haya. Asante," akaondoka.

Nilimdanganya. Nilikuwa najua. Saa nane mchana nilimhesabu dada yako kwa saa yangu ya mkononi, dakika nzima, mara mbili. Thelathini na mbili. Niliandika nyuma ya kikaratasi cha kazi, vile ninavyowafungia wateja kwenye saa zao, nikakitia mfuko wa shati. Wewe ulikuwa bado hujatoka zamu. Nilikuona unapita na trei. Nilitaka kukuita, dada yako akanishika mkono akasema, "Mwache mdogo wangu, ana wagonjwa thelathini na moja, usimwaibishe mbele ya wenzake." Na mimi nikaona, huyu amesomea, nitamfundisha kazi mimi? Nikanyamaza. Nilikuja kusema saa kumi, kwa mtu mwingine.

Kikaratasi ninacho. Sijamwonyesha mtu. Nakuuliza tena, na sasa nauliza kwa namna tofauti. Zile ishirini, zote nne, ulizihesabu?

Shemeji yako.


29 Mei 1989

Shemeji,

Salamu kwa binti. Sweta ni ya kijani.

Nimesoma barua yako mara tatu na sikupenda hata mara moja. Unajua kuhesabu saa, sawa. Binadamu si saa. Anayejua kwamba anahesabiwa hubadilisha pumzi, anayetoka kucheka huhema kwa kasi, anayesinzia huhema polepole, na mume aliyekaa kitandani na hofu zake huhesabu hofu zake. Tunajifunza haya mwaka wa kwanza. Ishirini ni kipimo cha kawaida cha mtu mzima anayeumwa kidogo. Wagonjwa wengi ni ishirini. Fungua faili lolote la wodi ile utaikuta.

Mimi sikuandika barua ya kumsimamisha mtu kazi. Mimi sikumwambia Miwani asiinuke. Kama hukuniita uliponiona napita, sasa unaniitia nini?

Alikuwa dada yangu kabla hajawa mke wako. Aliponibeba mgongoni kwenda shule, wewe ulikuwa hujui tunaishi mtaa gani. Usiniandikie tena kuhusu jambo hili.

Mimi.


17 Juni 1989

Shemeji yangu,

Umenikataza kuandika nami naandika. Ukipenda usisome, iweke tu mahali pakavu.

Kwanza habari za nyumbani, dada yako asingekubali barua ianze bila hizo. Binti amekuwa wa nne darasani. Bomba la jikoni limeziba nikalizibua mwenyewe, na sasa linavuja. Kopo la vifungo la dada yako limeanguka, tumeokota siku nzima, na kila nikifagia napata kingine. Unakumbuka alivyokuwa akitia uzi kwenye sindano anazuia pumzi mpaka uzi upite, halafu anazitoa zote pamoja kama mtu aliyetoka kuogelea? Nilikuwa namcheka. Sasa nikimtilia binti uzi, najikuta nami nimezuia.

Uliyosema kuhusu kubebwa mgongoni ni kweli. Sina haki zaidi yako ya kumlilia. Hilo nimelipokea.

Juzi nilikuwa natafuta springi kwenye droo ya chini, ile ambayo dada yako aliiita kaburi la ahadi. Nimekuta saa yako. Ile ya kubandika kifuani tuliyokupa ulipomaliza chuo, mimi na yeye, tukabishana kama iwe na mnyororo au pini. Imefungwa kikaratasi kwa mwandiko wangu. Kinasema: 17 Januari, mshale wa sekunde umelegea, kesho.

Nilikaa chini palepale sakafuni.

Dada yako alifariki tarehe 3 Februari. Saa yako ilikuwa kwangu siku kumi na saba, kazi ya nusu saa. Nikakumbuka na saa ya ukutani pale wodini. Niliiona siku ya kwanza tulipomlaza, imesimama saa nne na dakika kumi. Nilimwambia matroni nitaitengeneza bure. Akauliza lini, nikamjibu, na dada yako kitandani akacheka hadi akashika mguu. "Umekuja kuwaambia kesho hata hospitalini."

Na matroni alikuwa amekataza saa za mkononi kwa wauguzi, kwa ajili ya kunawa. Wewe mwenyewe ulituambia.

Kwa hiyo siku ile hukuwa na kitu chenye sekunde. Najua sasa kwamba zile ishirini hazikuhesabiwa. Na najua kitu kingine, kwamba ungeweza kuniandikia zamani, "Wewe Fundi Kesho, saa yangu iko wapi?" Ungeninyamazisha kwa mstari mmoja. Hukuandika. Sijui kama ulinihurumia au ulijua ukiitaja saa utakuwa umetaja yote.

Ninalotaka kusema ni hili. Saa ninayofungua, nikimaliza, nakwaruza alama yangu ndani ya kifuniko kwa ncha ya sindano, pamoja na tarehe. Mwenye saa haioni. Ataiona fundi atakayeifungua baada yangu, ili kama niliharibu ajue aanzie wapi. Bwana aliyenifundisha kazi alikuwa akisema fundi asiyeweka alama anatengeneza siri, hatengenezi saa. Nami mara mbili maishani nilifunga saa bila alama kwa sababu nilijua nimeiharibu. Nazikumbuka zote mbili, hata jina la mtengenezaji.

Tarehe 12 Julai nitakuwa mbele ya baraza. Sitaipeleka saa yako, na habari yake sitaitoa mimi. Lakini nikiulizwa nilihesabu ngapi saa nane, safari hii sitasema sijui. Nitatoa kikaratasi. Nao watajumlisha wenyewe.

Ningependa wakusikie wewe kabla hawajanisikia mimi. Zimebaki siku ishirini na tano, na posta unaijua.

Shemeji yako.


3 Julai 1989

Shemeji,

Sina salamu za kupamba. Naandika nikiwa nimekaa kwenye sanduku la dawa, nyuma ya stoo, muda wa kula.

Nitakueleza kama ilivyokuwa, sitapunguza.

Kuna desturi kwenye wodi ile, haikuandikwa popote. Ukiwa na ndugu yako amelazwa, unamwachia mwisho. Ukianza naye, wagonjwa wengine watasema anapendelewa, na wenzako watakuita muuguzi wa familia. Kwa hiyo kila muuguzi mwenye wake humpita kitandani akitazama mbele, kama hawajuani. Nilijivunia kuifuata. Dada alijua, alikuwa akinikonyeza nikipita.

Na kuna namba. Sisi tunaiita namba ya amani. Ukiandika kumi na nne, daktari atauliza. Ukiandika ishirini na sita, daktari atauliza na matroni atauliza kwa nini hukumwita daktari. Ukiandika ishirini, hakuna anayeuliza. Niliikuta, sikuianzisha. Lakini mkono ulioiandika ni wangu.

Saa mbili asubuhi nilikuwa kitandani kwake. Nilipima joto, nilipima presha, kwa mikono yangu. Alikuwa ananiomba kitana. Nikasema mtu anayeomba kitana hana neno, nikaandika ishirini. Saa nne niliandika nikiwa mlangoni. Saa sita niliandika nikiwa mezani, pamoja na za wenzake wawili. Saa nane niliandika nikiwa nakabidhi zamu, kalamu ilikuwa tayari mkononi. Alipoona navua aproni aliinua mkono kuniita. Mimi nikainua wangu, nikamwambia, "Nakuja."

Halafu nikaona nikirudi nitachelewa gari la hospitali. Nikasema nitamwona jioni saa za kutazama wagonjwa, nikiwa ndugu, si muuguzi. Nikaenda nyumbani nikaoga. Nilipofika saa mbili kasoro robo, mapazia yalikuwa yamevutwa na wewe umesimama nje umeshika viatu vyake.

Kuhusu saa. Usiibebe hiyo. Sista wa wodi ya pili ana saa, angeniazima. Maabara wana saa ukutani inayotembea. Na hata bila sekunde, ningemtazama tu kwa dakika moja nikiwa nimekaa, ningejua. Thelathini na mbili haifichiki. Kama ningekuwa na saa yangu kifuani siku ile, shemeji, bado ningeandika ishirini. Nimejiuliza sana na hilo ndilo jibu. Ndiyo maana sikukutajia.

Nilihama ili nisipite mbele ya kitanda kile. Nikawekwa kwa watoto. Tangu nifike nahesabu kila mtoto dakika nzima, wenzangu wananiita Mshona Polepole, eti nahesabu pumzi kama mishono. Walidhani ndivyo nilivyo. Niliposikia Miwani amesimamishwa nilisema moyoni kwamba ana makosa yake. Anayo. Yangu hayamo ndani ya yake.

Leo asubuhi nimetuma maelezo yangu kwa baraza kwa rejista, kurasa tatu, nimetia sahihi kila ukurasa. Nakala ninaiambatisha hapa. Nimeomba ruhusa, nitafika tarehe 11.

Sitafikia kwako. Usimwambie binti bado. Nitamwambia mwenyewe, akinikubalia kukaa naye.

Kitinda.


30 Julai 1989

Kitinda,

Nakuita hivyo kwa sababu ndivyo ulivyotia sahihi, na ndivyo yeye alivyokuita.

Binti hajambo. Bomba linavuja bado.

Sikukusalimia pale koridoni. Uliniona nimekuona. Nilikuwa nimejiandaa kukusalimia, nilikuwa nimefanya mazoezi njia nzima, kisha ukatokea umevaa vile viatu vya mbao alivyokuachia dada yako, nikasikia hatua zake. Nikageukia ukuta. Sikukusudia kukuadhibu. Lakini sitakudanganya kwamba hasira haikuwepo, ilikuwepo na ipo. Nilipokusikia ukisema mbele ya watu "nikamwambia nakuja," nilitaka kutoka nje. Kwenye barua nilikuwa nimeisoma. Kuisikia ni kitu kingine.

Uliondoka kabla hawajaniita, kwa hiyo nikueleze. Mwenyekiti aliniuliza kwa nini sikusema saa nane. Nikamwambia mke wangu alinikataza na mimi nilikubali upesi mno. Akaandika. Nikatoa kikaratasi, wakakipitisha mkono kwa mkono kama pete. Bibi mmoja wa baraza akamgeukia matroni akamuuliza ile saa ya ukutani imesimama tangu lini. Matroni akasema ataulizia. Yule bibi akasema, "Sisi ndio tunaulizia." Akamuuliza tena matroni, muuguzi mmoja anahesabu vipi pumzi za watu thelathini na moja ikiwa kila mmoja anataka dakika yake, mara nne kwa zamu. Matroni akafunua daftari lake, na sikuona raha niliyotegemea kuiona.

Miwani amepewa onyo na kurudishwa kazini. Wewe najua ulichopata, miezi minne nje, kisha mwaka mzima chini ya uangalizi. Nilipotoka nilimkuta Miwani kwenye ngazi anafuta miwani yake kwa pindo la gauni. Nikamwambia, "Ulipokuja dukani nilikudanganya." Akasema, "Nilijua. Ulijibu haraka mno." Halafu akasema, "Mwambie shemeji yako kwamba angeniandikia mimi pia." Nami nimekuambia.

Ndani ya kifurushi hiki kuna saa yako. Nimeitengeneza jana, dakika ishirini na tano. Nimeiacha mezani usiku mzima na imepoteza sekunde mbili, ambazo ni zake. Fungua kifuniko kwa kucha, utaona nilichokwaruza. Kuna alama yangu, na tarehe mbili, ya 17 Januari na ya jana.

Ya saa ya ukutani pale wodini, nilikwenda Alhamisi. Nayo inatembea.

Sijui lini nitaweza kukukaribisha. Binti atakuandikia, hilo sitalizuia.

Shemeji yako.


14 Novemba 1989

Shemeji yangu,

Natumaini mmeamka salama wewe na binti, na bomba, maana ananiandikia habari zake kama za mgonjwa wa tatu nyumbani. Sweta imempata? Mkono wa kushoto ni mrefu kidogo, nilikuwa nafikiria mambo mengine. Amenijibu barua zangu zote. Katika ya mwisho ameniuliza, "Mama mdogo, mama alikuwa anakuita ili akuambie nini?" Nimemjibu kwamba sijui, na kwamba sitajua. Nilifikiri ataacha kuandika. Ameleta nyingine juzi, inahusu paka.

Nilimwandikia Miwani. Amejibu mistari minne. Wa nne unasema nikipita huko nimtembelee. Mitatu ya kwanza nitabaki nayo mwenyewe.

Jana nimerudi kazini. Si kwa watoto, wamenipeleka wodi ya wanawake waliopasuliwa. Nadhani wamefanya makusudi na nadhani wamefanya vizuri. Msimamizi wangu ni mama mmoja mnene asiyecheka, alinisimamia begani kila kitanda. Nilikuwa na saa yako kifuani, naiita yako kwa sababu alama ni yako.

Kitanda cha kwanza, kumi na saba. Cha pili, ishirini na tatu, nikamwita daktari, akaja akinung'unika, akamsikiliza, akaacha kunung'unika. Cha tatu alikuwa mama wa makamo, mguu umefungwa, anachana nywele. Nikakaa kitandani kwake. Nikamwomba aache kitana kidogo. Nikahesabu dakika nzima.

Ishirini.

Sikuweza kuandika. Kalamu ilifika kwenye karatasi ikakaa. Msimamizi akauliza, "Vipi?" Nikasema, "Nahesabu tena." Yule mama akasema, "Mwanangu, niko mzima, nenda kwa wenzangu." Nikamwambia, "Nitakwenda, mama. Nipe dakika moja."

Nikahesabu tena, kifua kikipanda na kushuka chini ya shuka, mshale ukizunguka. Ilikuwa ishirini. Nikaandika ishirini, nikatia sahihi.

Kitinda.